Buibui Saba, Mama Mmoja

Mgeni akiingia kwangu mara ya kwanza husifu mapazia, kisha huuliza kama yale masanduku ya kioo kwenye kabati ni ya samaki. Mimi humwambia asogee aangalie mwenyewe. Husogea, huinama, huvaa miwani kama anayo, halafu hukumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni kwake. Nimekaa katika fleti hii ya Ngara miaka kumi na mmoja, na kwa sufuria nilizoambiwa zimeachwa motoni, mtaa mzima ungekuwa umeshateketea.

Ninafuga buibui. Sisemi wale wembamba wa pembeni mwa dari ambao kila mtu anao na hakuna anayekiri. Ninafuga tarantula, buibui wa manyoya, na mkubwa wao akinyoosha miguu anafunika kisahani cha kikombe. Wako saba. Wanakaa sebuleni, kwenye lile kabati ambalo wenzangu huweka glasi za wageni zisizowahi kunywewa na mgeni yeyote.

Watu huniuliza kwa nini. Mwenye paka haulizwi swali hilo, ingawa paka humwibia samaki na kumdharau mchana kutwa. Buibui wangu anakula mara moja kwa wiki, hapigi kelele, hapandi kitandani, na hajawahi kuniuliza nitaolewa tena lini. Nilipoachika, mume niliyekuwa naye alichukua televisheni, kochi na hata fimbo ya pazia la bafuni. Buibui hakuwagusa. Mpaka leo nahesabu kwamba katika talaka ile mimi ndiye niliyefaidika.

Karatasi za ruhusa ninazo, maana najua kuna msomaji ambaye ameshaanza kukunja uso. Karani aliyenijazia fomu, katika ofisi ambayo sitaitaja, aliniuliza wanafugwa kwa nyama, maziwa au mayai, kwa sababu fomu yake haikuwa na nafasi nyingine. Tulishauriana kidogo, tukakubaliana mayai.

Wa kwanza nilimpata Spring Valley. Kulikuwa na familia ya wageni iliyokuwa ikirudi kwao na kuuza vyombo vya nyumba, nami nilikwenda kutafuta meza ndogo. Mbwa wao alikuwa ameshapata pasi ya kusafiria, chanjo zote, na nafasi yake kwenye ndege. Buibui, ambaye walimlea tangu akiwa kama punje ya dengu, alikuwa juu ya meza niliyoitaka, na mama mwenye nyumba akasema viwili hivyo vinakwenda pamoja. Meza ilivunjika mguu mwaka uliofuata. Buibui akabaki, na ndiye mkongwe wao. Jina sikumpa, kwa sababu mtu mzima anayempa buibui jina anahitaji kusaidiwa. Nilimwita Mkongwe tu, na yeye hakuitika.

Chakula chao ni nyenje, na nyenje nilikuwa nikiletewa na mwenye nyumba wangu mwenyewe. Huyu ni mzee wa Waithaka, mzee wa kanisa pia, ambaye nyuma ya nyumba yake ana banda la kuku na banda la nyenje. Kila wiki alikuwa akipita Ngara kukagua mifereji yake na kuniachia kikopo. Hakuniuliza hata siku moja nyenje ni za nini. Na yale makumbi ya nazi ninayowatandikia ndani ya masanduku yalitoka Mombasa, kwa mama yangu, aliyekuwa akinitumia mfuko mzima kwa basi kila baada ya miezi michache. Mama alidhani nasugulia sufuria. Nilimwacha adhani hivyo kwa miaka minane, na mara nyingine alinisifu kwa simu kwamba mwanawe ni msafi.

Basi mambo yalikuwa yamekaa sawa, kila mtu akiwa na uongo wake mdogo, mpaka dada yetu aliyekuwa akikaa na Mama alipopata kazi Uarabuni.

Hapo ikabidi Mama aje Nairobi. Swali likawa aje kwa nani. Kaka yangu anaishi Spring Valley, katika nyumba yenye vyumba sita na mbwa wawili wakubwa uani. Ni mshauri. Anamshauri nani na kuhusu nini, ukoo mzima haujui, lakini yuko kwenye mikutano tangu asubuhi. Mama aliwahi kukaa kwake majuma mawili, akaondoka amepungua. Alisema chakula kilikuwa kingi na mito ilikuwa laini, ila hakusikia adhana wala hodi. Hata jirani aliyetaka kuomba chumvi ingebidi aandikwe kwanza kwenye kitabu cha getini.

Mimi nilimtaka Mama akae kwangu. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulisema wazi. Niliondoka kwake nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikaja kusoma Nairobi kwa shangazi, ikaja kazi, ikaja ndoa, ikaja talaka. Tangu utoto nimeishi na mama yangu kwa siku za Idd tu, siku nne hapa, siku tano pale, tukikaa kama wageni wanaopendana. Yeye alikuwa amevuka sabini na mimi nilikuwa arobaini na saba. Nilitaka kumjua.

Kaka akaitisha kikao kwa simu, sisi watatu na Mama akisikiliza. Akasema bila aibu kwamba nyumba yangu ina wadudu hatari na si mahali pa mtu mzima. Ndivyo Mama alivyojua. Nikamkumbusha kwamba uani kwake kuna wanyama wawili wenye meno, na Mama alilazimika kuosha nguo kila walipomlamba. Akasema mbwa ni usalama. Nikasema buibui pia, maana sijawahi kuibiwa. Mama alituacha tukapayuka mpaka tukachoka, kisha akasema atakuja Ngara atazame kwa macho yake. Atakaa mpaka mwezi uandame. Akiona hapamfai, atakwenda kwa kaka, na mjadala umekwisha.

Alifika siku ya Alhamisi, kaka akiwa amemchukua stesheni. Kaka ndiye aliyetangulia kuingia, akasimama katikati ya sebule na funguo za gari mkononi, tayari kumrudisha. Mama alivua viatu, akanawa mikono, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Nilisimama mlangoni mwa jikoni. Alitazama sanduku la Mkongwe kwa muda mrefu.

"Makumbi yangu ndiyo haya?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Akanitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu nilipokuwa darasa la tatu. Kisha akageukia sanduku tena. "Yuwala nini huyu?" Nikamwambia anakula nyenje.

Kaka akaingilia kati kusema hawa ni sumu, na yeye angeita watu wa kupuliza dawa kesho asubuhi wamalize kazi. Mama akamwambia buibui hauawi. Alifundishwa hivyo akiwa mtoto, kile kisa cha Mtume pangoni na utando wa buibui mlangoni, na nyumbani kwa bibi yake hata ufagio wa dari ulipitishwa kwa adabu. Nikataka kueleza kwamba wa kwangu ni buibui wa kuchimba mashimo na hajafuma kitu cha maana maishani mwake, lakini kuna nyakati mtu hunyamaza kwa faida yake. Kaka alisoma madrasa ileile. Ila tangu ahamie kule juu anakumbuka zile sehemu tu zinazomfaa.

Hivyo Mama akabaki, kwa majaribio.

Katika juma la kwanza aliwashonea buibui vitambaa vya lesi. Kila wakati wa sala aliwafunika wote saba, akisema si vizuri mtu kutazamwa na macho manane akiwa ameinama. Asubuhi aliwafunua na kuwasalimia. Mimi nikienda kazini, kwenye duka la jumla la vitambaa kule chini mjini, nilimwacha akiwauliza kama wamelala vyema. Nilikuwa nikicheka ngazini.

Majirani nao wakaja. Kwa miaka yote walikuwa wakinipita kwenye ngazi kwa kubana ukuta, na kundi letu la simu la wapangaji lilikuwa limejaa maonyo juu yangu, mengine yakiwa na picha za buibui wa nchi ambazo sijafika. Mama alipika mahamri siku moja na kuacha mlango wazi. Kuanzia hapo sebule yangu ikawa kituo. Mwanamke wa ghorofa ya tatu, ambaye aliwahi kuandika kundini kwamba mimi si mtu wa kawaida, alikuwa akikaa chini ya masanduku yale yale na kikombe cha chai, akimwuliza Mama dawa ya mgongo. Kijana wa muziki wa ghorofa ya chini alinisimamisha mlangoni. "Niaje madam, hizo spider zenu zinakula kunguni? Nikopeshe moja weekend tu." Watu waliotaka wanyama wangu wafe sasa walitaka kuwaazima.

Lakini lalamiko moja la zamani lilikuwa limeshamfikia mwenye nyumba, na yeye akaja na mkataba kwenye bahasha. Aliketi, akala mahamri matatu na mbaazi, ndipo akasimama kutazama kabati. Nilimwona mabega yakimshuka kwa nafuu.

"Madam, mimi nilikuwa najua wewe uko na kuku," alisema. "Hizo nyenje zote. Nikasema wacha ninyamaze, mama hana bwana, wacha akuwe na kuku."

Mkataba wake unakataza mbwa, paka, kuku na jiko la makaa kwenye baraza. Alisoma sehemu hiyo mara mbili akifuata kwa kidole. Buibui hawakuwemo. Akakunja karatasi, akamwambia Mama kwamba sheria ni sheria, na akaomba hamri la nne la kwenda nalo. Walielewana sana wale wawili. Mama alipenda mwanamume anayemaliza chakula, na yeye, nadhani, alipenda nyumba ambayo hakuna aliyemlalamikia juu ya mifereji.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui nikae wapi. Siku moja nilirudi adhuhuri kuchukua miwani niliyoisahau. Nilivua viatu nje, na kabla sijasukuma mlango nikasikia Mama akiongea. Nilidhani kuna mgeni. Alikuwa akiongea na Mkongwe.

"Yuaja amechoka, hasemi," alikuwa akimwambia. "Nikimuuliza, hujibu yuko sawa. Nawe pia hivyo hivyo. Huli, husemi. Sijui niwafanye nini nyinyi wawili."

Niliona wivu. Mwanamke mzima, nimesimama na viatu mkononi mlangoni kwangu, namwonea wivu buibui kwa kuwa anaongeleshwa na mama yangu. Nilipaswa kuingia na kukaa chini. Badala yake nilikohoa kwa nguvu, nikaingia nikiuliza miwani yangu iko wapi, naye akanipa, nikaenda zangu.

Ni kweli kwamba Mkongwe alikuwa hali. Alikuwa amekataa nyenje kwa wiki tano, rangi imefifia, na kile kipara chake cha tumboni kimekuwa cheusi. Anayewafuga hawa anajua maana yake. Anakaribia kujivua ngozi. Siku ikifika hulala chali, miguu juu, hakuna kinachotikisika, na baada ya saa kadhaa ngozi ya zamani hupasuka na yeye hutoka mpya. Ukimgusa wakati ule unaweza kumuua. Buibui aliyekufa kweli halali chali. Hukaa wima, miguu ameikunja chini yake. Ni sentensi tano tu za kueleza. Mama aliniuliza mara tatu kuhusu kutokula kwake, na mara zote tatu nilimjibu, nikiwa nafungua barua au naosha kikombe, kwamba ndiyo kawaida yake. Mara ya tatu nilimjibu kwa ukali kidogo.

Siku ya kujivua ilipofika, ilitukuta dukani tunashusha mzigo, na tajiri wetu ana sheria kwamba mzigo ukishushwa simu zote zinakaa kwenye droo. Nilitoka saa kumi. Niliona Mama amenipigia mara sita, nikapanda ngazi mbio.

Nje ya mlango wangu kulikuwa na viatu vya wanawake, jozi nane au tisa. Ndani wamekaa mkekani, kahawa chungu inazunguka, sahani ya tende katikati. Mama alikuwa amejifunika leso kichwani. Sanduku la Mkongwe lilikuwa tupu, na kioo kimepanguswa kikang'aa.

Alinieleza kwa upole, kama anayempasha mtu habari ya ndugu. Baada ya sala ya adhuhuri alimfunua, akamkuta amelala chali, miguu juu. Alimngoja kidogo, akamwita kwa jina alilompa yeye mwenyewe, "mwenzetu," hakutikisika. Alinipigia, sikushika. Hakutaka atupwe kwenye pipa la taka, na hakutaka alale vile mpaka jioni, kwa sababu mfu hawekwi. Akakata kitambaa cheupe, akasema si sanda, astaghafiru, ni heshima tu, akamlaza vile vile alivyokuwa ndani ya bakuli la halua, akamfunika. Tatizo likawa udongo. Ngara yote ni simiti. Mwenye nyumba alikuwa amepita na kikopo chake cha nyenje, akavua kofia, akajitolea kumpeleka Waithaka amzike shambani kwake.

"Mama, umemzika mzima!" nilisema.

Sikusema, nilipiga kelele. Mbele ya majirani wote, na vikombe mikononi mwao. Nikaongeza kwamba mtu asiyejua kitu huuliza. Wanawake wakaanza kutazama mkeka. Mama alivuta leso yake mbele kidogo.

"Nilikupigia," alisema.

Nikashuka ngazi bila kumjibu, nikachukua teksi mpaka Waithaka. Mwenye nyumba hakushika simu. Njia nzima nilikuwa nikiulaani ule upesi wetu. Sisi mtu akikata roho, kabla chai haijapoa maji ya kuosha yameshachemka na wachimbaji wako njiani. Hatupumui. Nikawaza watu wa mwenye nyumba na misiba yao, ambayo nimekuwa nikiicheka miaka yote. Kwao kuna kamati na mweka hazina. Kuna hema, vipaza sauti, ratiba yenye picha ya marehemu akiwa kijana, salamu kutoka kazini, salamu kutoka kwa wakwe, na mwanasiasa ambaye hakumjua marehemu lakini atamweleza kwa nusu saa. Wiki nzima mtu hajaona udongo. Kwa mara ya kwanza maishani niliwaonea wivu. Ukilala chali kwa bahati mbaya kwa watu wale, una wakati wa kutosha wa kuamka na kuomba uji.

Nilimkuta mzee kwenye ua wake, amekaa kwenye kigoda, kofia gotini. Nikamuuliza kaburi liko wapi. Nilikuwa tayari kuchimba kwa kucha.

Alinitazama kwa masikitiko. "Kaburi ya leo? Hata haijachimbwa, madam. Mtu hawezi zikwa kama amekimbizwa. Mimi nilikuwa nimepanga Saturday."

Alikuwa ameliweka bakuli kwenye rafu ndani ya banda la nyenje, mahali penye kivuli na joto zuri. Na kabla ya kuliweka, kwa kuwa mkewe hakuwahi kumwona marehemu, alikunja kile kitambaa pembeni ili mama wa watu amtazame mara ya mwisho, kama inavyofanywa. Hakukirudisha. Alisema aliona si vizuri kumfunika uso kabla wengine hawajamwona.

Tuliingia bandani sote watatu. Ndani ya bakuli kulikuwa na buibui wawili. Mmoja alikuwa mkavu, mtupu, amelala chali. Mwingine alikuwa wima kando yake, mweusi wa kung'aa, mkubwa kuliko alivyokuwa, amechoka. Mguu mmoja ulikuwa umebaki ndani ya ngozi ya zamani, akawa na saba. Mke wa mzee alitoka nje na akasema kupitia ukuta kwamba kuanzia leo nyenje zitalishwa na mwenye nyenje. Mzee mwenyewe alivaa kofia yake, akaivua tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama jambo lile anaweza kulieleza kanisani, au ni bora akae nalo. Nilimwambia akae nalo. Sidhani alinisikiliza.

Nilirudi Ngara na bakuli mapajani, nikimwomba dereva akwepe mashimo. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu yote. Nilipofungua mlango sebule ilikuwa imefagiliwa, mkeka umekunjwa, vikombe vimeoshwa. Masanduku sita yalikuwa yamefunikwa vitambaa vyake vya lesi. Jikoni mbaazi zilikuwa zimefunikwa kwa sahani. Begi lake halikuwepo. Jirani wa ghorofa ya tatu aliniambia, bila kuniangalia, kwamba kaka yangu alikuja na gari, na kwamba Mama aliwaaga wote mmoja mmoja.

Nilikaa sakafuni nikalia. Sikulia kwa ajili ya buibui, yeye alikuwa mzima pale mbele yangu ananyoosha miguu. Nililia kwa sababu nilingoja miaka thelathini na minne kukaa na mama yangu, na nilipompata nikamkaripia mbele za watu kwa kosa la kutojua jambo ambalo mimi nilikataa kumwambia.

Asubuhi nilikwenda Spring Valley na bakuli langu. Mlinzi wa geti aliandika jina langu, kitambulisho changu, saa niliyofika na vitu nilivyobeba. Alifunua kitambaa, akafunika, akaandika "mnyama mmoja." Kaka alikuwa mkutanoni, ndani ya chumba cha kioo, na alinyanyua kidole kuniambia nisubiri. Sikusubiri. Mama alikuwa kwenye baraza la nyuma, amekaa kwenye kiti cha mito, begi lake limefungwa vile vile miguuni pake. Mbwa walikuwa wamefungiwa, wakibweka.

Nilimpa shikamoo, akaitikia. Nikaweka bakuli mezani na kufunua. Aliinama akatazama.

"Ndiye?"

"Ndiye, Mama. Hiyo nyingine ni ngozi yake. Wakijivua ndivyo wanavyolala."

"Na huo mguu?"

"Utaota akijivua tena."

Akanyoosha kidole karibu na ukingo wa bakuli, hakumgusa. Nikamwambia kosa lilikuwa langu. Nikamwambia aliniuliza mara tatu na nilikuwa na jibu, na sikumpa kwa sababu ya uvivu na kiburi, na kwamba anisamehe kwa zile kelele. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa mazuri zaidi ya hayo, lakini hayakutoka.

Kaka akatokea mlangoni na waya masikioni. Akasema Mama ameshaamua, chumba kimeshatayarishwa, na kama nina jambo tulipangie muda, yeye ana nafasi saa tisa. Mama alimwashiria kwa mkono arudi kwenye mkutano wake. Akarudi. Hapo akanigeukia.

"Baba yako alifariki alfajiri," alisema. "Tukamzika adhuhuri. Wewe uko Voi, ndani ya basi."

"Nakumbuka, Mama."

"Sikuwaambia wangoje. Ningewaambia, wangengoja." Akafunika bakuli kwa kile kitambaa cheupe, nusu tu, akaacha nafasi ya hewa. "Siku yangu ikifika nataka uwe chumba cha pili, usiwe njiani. Kaka yako ni mtu wa haraka, ana mikutano. Wewe nitazame vyema kwanza. Nitazame sana, ndipo uwaite watu."

Akasimama, akatafuta viatu vyake kwa miguu, akaniambia nibebe begi. Buibui, Mama alimbeba mwenyewe.